Majabali Mawili

Kwa mara ya nne tangu asubuhi, Eliakunda alikataa kumpa mwanafunzi maji. Alikaza kizibo cha kibuyu, akakihamishia bega la pili, akaendelea kutembea kama mtu aliyeziba masikio.

Jua la nyika ya Same halina utani. Mwanafunzi, kijana wa miaka kama ishirini aitwaye Sefu, alikuwa amekauka midomo, lakini hakulalamika. Uvumilivu huo ulimchoma Eliakunda kuliko matusi. Mtu asiyelalamika, aliona, ana lake moyoni.

Sefu alitoka Mombasa, ng'ambo ya mpaka, akaja Tanganyika kusomea ualimu katika chuo kimoja huko milimani. Wenzake walipopata siku mbili za mapumziko walikwenda Moshi kustarehe. Yeye, kwa kuwa mfuko ulikuwa mkavu, alidandia lori la mahindi hadi Same, akalala kwenye baraza la duka, na Jumamosi alfajiri akabisha hodi, daftari mkononi, kwa Eliakunda, kiongozi wa wageni nyikani, chini ya mlima. Alisema anataka kuona jangwa. Eliakunda akamwuliza jangwa gani, maana hapa kuna miiba na vifaru tu. Basi hilo hilo, kijana akajibu, ila hasa yale majabali mawili yaliyoegemeana.

Hakuna mtembezi anayeyajua majabali yale.

Miaka ishirini nyuma, mtoto wake wa kwanza aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa Wapare wa wakati ule alikuwa mkosi wa kumaliza ukoo mzima. Wazee wa ukoo walimwambia baba afanye linalopasa. Eliakunda alimbeba mtoto hadi kwenye majabali, akamlaza kivulini, akaondoka bila kugeuka. Mkewe Priska hakumwuliza neno siku ile, wala siku nyingine yoyote. Lakini serikali ya Mwingereza ilikuwa inauliza. Jirani mmoja alichukuliwa na askari kwa jambo kama hilo, baada ya mtu kuwaonyesha mifupa, na hakurudi tena.

Sasa amekuja huyu na daftari lake. Angemkatalia, angepata kiongozi mwingine sokoni. Eliakunda akaona heri ampeleke mwenyewe.

"Nani alikwambia habari za majabali?" alimwuliza walipoiacha barabara.

"N'takwambia tukifika, mzee."

"Sema sasa."

"La. Hapa si mahali pake."

Jibu hilo lilimtosha. Eliakunda alijiona amesimama kizimbani, na Priska akilazimishwa kusema yote aliyoyameza. Chuki ikampanda. Hivi mtu anatoka kwao, anashiba ugali wa chuo, halafu anakuja kumfukua mzee wa watu? Alimchukia kwa viatu vyake vilivyopasuka, kwa shikamoo zake alizozitoa bila kuitikiwa, hata kwa namna alivyotupa mguu wa kushoto akitembea, mwendo uliomkera bila kujua kwa nini.

Walifika jua likiwa utosini. Sefu alisimama mbele ya majabali, akavua kofia. Alipogeuka, machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mzee, kuna jambo nimekuja kukwambia."

"Pumzika kwanza," Eliakunda alisema. "Niokote kuni, tuchemshe chai. Usitoke hapo kivulini, utapotea."

Akazunguka nyuma ya kichaka. Begani alikuwa na kibuyu na mkoba wa kijana, vitu alivyovibeba tangu asubuhi kama ilivyo kazi ya kiongozi, na hakuna ukuni aliouinamia. Alishika njia ya nyumbani. Baada ya muda akasikia akiitwa, mara ya kwanza bila wasiwasi, mara ya tatu kwa woga. Alikaza mwendo. Kutoka pale, mgeni asiyejua njia wala kisima hafiki popote. Watu wangesema mwanafunzi alijifanya jasiri, nyika ikammeza, na habari ingeishia hapo.

Saa kumi alasiri alikuwa nyumbani. Priska alikuwa uani akichambua maharage. Akauliza mgeni yuko wapi, akajibiwa kwamba ameshika njia ya barabara kuu kuwahi lori. Priska alimtazama mumewe, kisha akarudia maharage yake.

Eliakunda alitaka kuutia mkoba motoni mara moja. Lakini ilimpasa ajue kwanza ni nani mwingine anayejua, maana mtu mmoja kunyamaza si kitu kama wako wengine wa kusema. Ndani ya mkoba alikuta shati moja, mahindi ya kukaanga, daftari lisiloandikwa hata neno, na barua iliyokunjwa mara nyingi. Yeye hakujua kusoma. Akamwita bintiye Yudith, aliyesoma shule ya misheni, akamwamuru asome upesi.

Yudith alisimama mlangoni penye mwanga, akasoma kwa sauti ya juu kama alivyofundishwa, mama yake akisikiliza kutoka uani.

"Mwanangu Sefu, mimi mama yako Sharifa ni mzima. Umeniuliza kama ni hatari kumtafuta mzee Eliakunda. Nenda, ni mtu mwema. Nilimfahamu sokoni Same nilipokuwa nikichuuza chumvi kwa punda, na jioni ile nilipishana naye akirudi kutoka kwenye majabali, analia peke yake. Usimwambie kitu njiani, asije akaanguka kwa mshtuko. Mkifika pale nilipokuokota, mshike mkono kwanza, kisha umwite baba."