Sauti ya Sikioni

Katika shule zote za karo nafuu mtaani kwetu, mwalimu husema tu kile anachonong'onezwa na kifaa cha sikioni. Watoto wanafaulu kama wale wa shule za matajiri, na mzazi gani atalalamika?

Jioni moja Mwalimu Mbeyu alikuwa jikoni akimenya muhogo. Bintiye Kadzo, wa darasa la pili, akamuuliza, "Mama, siku niliyozaliwa ulisema nini uliponiona?"

Mbeyu akafungua kinywa, akangoja. Kisu kikatulia mkononi.

"Nilisema..." Akangoja tena.

Kadzo hakushangaa. Alienda chumbani, akachomoa kifaa kwenye chaji, akamvalisha mamake taratibu, kisha akaketi.

Sasa Mbeyu alijibu bila kusita, na maneno yalikuwa matamu sana.