Mwanakombo Akosa Mlango

Siku hizi jina likikosewa kwenye pasipoti, hairekebishwi pasipoti, anarekebishwa mwenyewe. Yangu imetoka imeandikwa Mwanakomba badala ya Mwanakombo, na leo mlango wa nyumba yetu haufunguki mpaka mama aniite hivyo ilivyoandikwa.

"Mama, liseme tu tuingie, wali unapoa," nilimsihi.

"Nikuite mtoto wa komba, mnyama mlevi wa minazini? Nimekupa jina la mama yangu!" Akatandika kanga barazani, tukaketi, akaupigia mlango kelele: "Mwanakombo!"

Bi Time, jirani yetu, akatoka kwake. "Nani kasema si Mwanakombo?"

Papo hapo mlango wake nao ukajifunga. Akaugeukia, akausonya, akaja.

"Sogea nikae, Mwanakombo."