Kiwango Chekundu

Wimbo ulikuwa haujaisha Torkel alipochomoa simu chini ya meza na kuandika bilauri ya nne ya mvinyo. Akairudisha mfukoni upesi. Kwetu huku Lund, mji wa chuo kikuu, kwenye karamu za wanafunzi, hakuna anayekunywa kabla ya wimbo kuisha, na ukiisha huna nafasi ya kushika simu.

Wimbo ukaisha. Watu wakainua bilauri, wakamtazama jirani wa kushoto, wa kulia na wa mbele, wakanywa, kisha wakatazamana tena. Asiyekutazama machoni wakati ule amekosa adabu. Torkel alitazamwa kama wenzake, akatazama naye, wala hakusikia kitu moyoni. Si furaha, si aibu. Kisha kila mtu akamgeukia mtu wake wa kuzungumza naye.

Simu ikatetemeka. Nyekundu, kama kawaida. Programu ya kuhesabu pombe, ambayo wanafunzi waligawiwa na kituo cha afya, ina rangi tatu: kijani ukinywa kistaarabu, njano ukianza kuteleza, nyekundu ukishajitafutia balaa. Ukiwa kijani, inakaa kimya. Ukiwa nyekundu, haikuachi. “Punguza mwendo, Torkel. Umekula?” Alijibu kwamba amekula. Karamu ikiisha itamuuliza kama amefika salama, na kukicha itamuuliza kama amelala.

Asubuhi wenzake wa korido moja bwenini walikuwa bado wamelala kama magunia. Torkel aliosha vyombo vya wote, akatoa chupa tupu, akawasha kahawa. Aliyeingia jikoni wa kwanza alikuwa Ylva wa chumba cha jirani, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Alimwambia Torkel kwamba ana tumbo la chuma, maana wao wanakufa na yeye anasugua masufuria. Kisha akaiona simu ya kijana mezani.

“Bado tu uko nyekundu? Kwani unaandika zote?”

“Naandika.”

“Mjinga wewe. Andika nusu, kama sisi. Mimi wameshanitoa, siulizwi tena upuuzi wa umekula umelala. Raha mustarehe.”

Akamimina kahawa yake, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu wawe majirani. Msishangae. Sisi huku mtu akitaka kutoka chumbani hutega sikio mlangoni kwanza, na akisikia nyayo koridoni husubiri mwenzake apite. Si chuki, jamani. Tunaita heshima.

Na nyumbani? Nyumbani kwao, kaskazini kabisa, alikuwa amebaki baba peke yake, na baba huyo ukimpigia baada ya chakula cha mchana keshalewa, hajui anaongea na nani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema.

Kisha kituo kikatoa tangazo: walio nyekundu muda mrefu waje wapimwe damu. Damu ikilingana na simu, mtu ataendelea, tena atapewa mshauri wa kuonana naye kila wiki. Isipolingana, anaondolewa kwenye programu.

Torkel alisoma, akasoma tena. Hakutaka kuondolewa. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi, na alishangaa kuona kwamba bado unaweza kutaka kitu, tena kukitaka hivi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kidole huandika kinachotaka. Damu haijui kumstahi mtu.

Siku moja kabla ya kipimo alisimama mbele ya duka la pombe la serikali, akiwaangalia watu wakiingia na kutoka na mifuko. Alisimama hapo mpaka taa zikazimwa na mlango ukafungwa. Akarudi mikono mitupu.

Muuguzi, mama wa makamo aitwaye Gunvor, alimfunga mpira mkononi na kutafuta mshipa. Alishangaa kidogo kuona mkono umetulia, akasema wengi wa kiwango chekundu humtetemekea. Torkel alitazama damu yake ikipanda kwenye kichupa. Aliiona kama ya mtu mwingine.

Majibu yalipotoka aliitwa tena. Gunvor alifunga mlango, akakaa, akavua miwani.

“Torkel, damu yako na simu yako hazilingani.”

“Najua,” alisema, macho sakafuni.

Gunvor akamwambia asijali sana, kwani katika kazi yake amezoea kudanganywa. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti kile akasema yote. Kila mmoja huficha bilauri mbili tatu, na damu huja kumuumbua.

“Lakini wewe,” akasema, “sijawahi kumwona mtu kama wewe. Damu yako haina hata tone. Hujaonja pombe, kijana, sijui tangu lini.”

Torkel alitazama simu yake. Gunvor alionekana kama ana swali, likamfika kwenye ulimi, likaishia hapo. Kwetu mtu hachokonoi ya mwenzake. Badala yake alivaa miwani, akaigeukia kompyuta, akalitafuta jina la kijana na kulifuta. Kisha akasimama, akampa mkono, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli.

“Hongera, Torkel,” alisema. “Kuanzia leo hakuna mtu atakayekuuliza kitu tena.”