Mlango wa Nyuma

Moshi ulipotanda ukumbini, watu walishangilia. Walidhani ni madoido ya DJ.

Mimi baunsa nilikuwa nje, nikilinda mlango wa nyuma wa ukumbi huo mpya, ghala la matairi la zamani. Ni mlango wa chuma, umezibwa sauti isitoke, hata wembe haupiti. Bosi aliniamuru niufunge kwa nje, kwa mnyororo na kufuli, watu wasiingizane bure.

Mlango ulipoanza kudunda, nikadhani ni muziki. Ngoma zao ni kishindo kitupu, ukuta mzima hutetemeka. Kisha nikagundua kwamba kishindo cha mlangoni hakifuati mdundo. Nikabandika sikio kwenye chuma.

"Fungueni! Tunaungua!"

Nikalidaka kufuli. Lilikuwa la moto kama sufuria. Nikapapasa mfuko wa suruali, nikapapasa kiunoni. Ufunguo ulikuwa kwenye koti.

Na koti nilimvisha mdogo wangu, nilipompenyeza kwa mlango huohuo. Alilalamika baridi, nami nikamcheka: "Ingia, utatoka jasho sasa hivi."

Nikaliita jina lake, nikiuvuta mnyororo kwa mikono mitupu.

"Kaka!" Alikuwa palepale, nyuma ya chuma. "Ufunguo ninao! Tundu liko wapi?"