Kibali cha Mwisho

Asubuhi ya safari, mzee alilisalimia koti.

Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alisimama mbele yake, akaliuliza habari za kuamka, akasubiri jibu. Mkwe wake, aliyekuwa mezani, alicheka hadi chai ikamwagika.

"Baba, hilo ni koti langu."

"Ndiyo maana haliitikii salamu," mzee alisema, akapapasa kiti, akaketi.

Binti yake alikuwa akimimina chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu, toka vidoleni hadi kiwikoni. Aliteleza bafuni, alisema.

"Ukoo mzima hauoni unapokanyaga," mumewe alisema huku akichovya mkate.

"Baba, usiende," binti alisema. "Una miaka sabini na minne. Nyati si mbuzi. Utajiua, au utaua mtu."

"Kibali ninacho, mama. Mwaka ujao wanataka na cheti cha macho, basi hii ndiyo safari yangu ya mwisho."

"Mwache aende," mkwe alisema. "Mimi nitakuwa macho yake."

Zamani wawindaji walimwita Risasi Moja. Kwa miaka arobaini hakuna mnyama aliyemlazimisha apige ya pili. Na alikuwa na sheria moja, aliyomfundisha hata mkwe wake: mnyama ukimjeruhi ni wako. Humwachi porini na maumivu uliyompa wewe. Unamfuata hadi ummalize, hata kama unayemfuata ni kifo chako.

Lakini uzee hauna adabu. Macho yalianza kumsaliti mwaka jana, wiki ile binti yake alipoanguka ngazini akapoteza meno mawili. Watu walisema ni mawazo yamemzidi. Akawa anamimina chai nje ya kikombe, anavaa viatu kinyume. Kwenye uwanja wa shabaha alikosa pipa. Sisemi chupa iliyokuwa juu ya pipa, pipa lenyewe.

Waliingia porini watatu. Mkwe alitangulia akisoma nyayo, mkono mtupu, maana kibali kilikuwa cha bunduki moja. Mzee alimfuata. Nyuma yao alikuja askari wa wanyamapori na bunduki yake ya kazi. Askari alipomwona mzee akijaribu kutia risasi kinyumenyume, alimshika bega.

"Mzee wangu, turudi. Hakuna aibu."

"Kurudi nitarudi," mzee alisema. "Nikishamaliza."

Walimkuta nyati dume peke yake, hatua sitini hivi, ubavu wote umewaelekea. Hata fundi cherehani angempiga. Mzee alipiga, na risasi ikaingia tumboni.

Nyati alijikunja, akalia kwa sauti ya kupasuka, akakimbilia kichakani. Pale alipokuwa amesimama, majani yalikuwa na damu iliyochanganyika na mavi mabichi. Askari alifumba macho. Kwa mwindaji, hakuna kidonda kibaya kuliko hicho. Mnyama hafi, anaoza akiwa hai.

"Tuite wenzangu," askari alisema. "Waje na bunduki nyingine."

"Nimemjeruhi mimi," mzee alisema. "Namfuata mimi."

Mkwe alikitazama kichaka, akarudi nyuma hatua moja. Ila hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mtu anayesalimia makoti. Akatangulia.

"Akitokea, lala chini," mzee alimkumbusha. "Nitapiga juu yako."

Damu iliwapeleka ndani, tone kwa tone, mahali ambapo matawi yaligusana. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii mbali. Huzunguka, akasimama kando ya njia yake mwenyewe, na kumsubiri aliyemuumiza. Huyu alisubiri kushoto, na alipotoka alikuwa hatua tano tu.

Mkwe alilala chini, kama alivyofundishwa.

Mzee alipiga. Risasi ikapasua mti upande wa kulia. Akapiga tena, ikaenda mbinguni. Pembe ilimwingia mkwe chini ya mbavu, ikamnyanyua, ikamtupa, ikamwokota tena. Mifupa ilisikika. Askari alilenga lakini mzee alikuwa katikati, anazunguka na bunduki yake kama mtu aliyepotelewa na mlango. "Yuko wapi? Nionyesheni yuko wapi?" alikuwa akiuliza. Askari alipomsukuma na kupiga risasi nne, nyati aliangukia juu ya miguu ya mkwe.

Mkwe alikuwa bado hai. Alimtazama mzee, akasema, "Baba," na damu ikamziba.

Polisi waliandika ajali. Ofisi ya wanyamapori ilichukua bunduki na kibali. Msibani wanaume walimshika mzee mkono, wakamwambia ni mipango ya Mungu. Wanawake walinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii aliyekufa ni mwingine. Askari alilia kuliko wote, akijilaumu kwamba hakumnyang'anya kipofu silaha.

Siku ya nne nyumba ilibaki na watu wawili. Binti alikuwa ameketi dirishani jikoni, gauni jeusi mapajani, pindo limefumuka. Alikuwa amebana sindano kwa vidole vilivyochungulia kwenye plasta, na uzi ulikuwa ukikosa tundu, ukikosa tena. Hatimaye aliviweka vyote chini, akalia.

Mzee alivuta kiti karibu. Akaichukua sindano, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupitisha tunduni mara ya kwanza.

Binti aliacha kulia.

"Nyati yule hakuwa na kosa," mzee alisema, akimrudishia sindano. "Hilo nitalijibu kwa Mungu."