Asiyefika Ameshiba

Mwaka ule wa ukame, wanyama waliishi kwa mtama wa ghala la Tembo, mfalme wao. Daftari la majina alilishika Nungunungu, karani aliyependa sheria kuliko chakula. Kila mwezi ulipoandama, kila kaya ilitakiwa kufika nzima kuhakikiwa, ndipo ipewe mtama.

"Asiyefika ameshiba," alisema Nungunungu, akalifuta jina.

Mama Konokono alifika siku moja baadaye, watoto wakijiburuza nyuma yake.

"Baba karani, tuko njiani tangu juzi. Tuna njaa!"

"Nimeshakufuta, mama. Umeshiba."

Mwezi baada ya mwezi majina yakafutwa, na mwezi wa nne hakufika hata mmoja. Nungunungu akakimbia kwa Tembo, kifua mbele.

"Mfalme, njaa imekwisha! Daftari ni tupu!"

"Hongera! Basi ghala lifungwe leo hii."

Miiba yote ikamsimama Nungunungu. Lifungwe?

"Lakini mfalme, mimi na wanangu tunakula humo humo!"

Tembo akalipekua daftari, ukurasa kwa ukurasa. "Mbona jina lako silioni? Uliwahi kufika kuhakikiwa?"

Nungunungu akawaza: Nani angemhakiki karani?

"Kumbe hukufika," alisema Tembo, akimrudishia daftari lake. "Basi umeshiba."