Kidole Juu ya Waya

Maji yalianza kupanda kwenye mpira wa pampu kabla watu hawajasema amina.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa uhandisi, na pampu ya kumwagilia viazi aliyoiunda Uwimpuhwe ilikuwa imegoma asubuhi nzima. Kama ilivyo desturi ya chuo chao cha Kikristo, mwalimu aliwaambia wote waweke mikono juu ya mashine, waombe kwanza.

"Haleluya! Maji iko napanda!" wenzake walipiga kelele.

Uwimpuhwe hakushangilia. Chini ya kidole gumba alihisi waya uliokatika, wenye joto, akaelewa: kumbe ni kidole chake kilichozigusanisha zile ncha mbili. Aseme, au abane hivyo hivyo mpaka apewe alama?

"Toa mukono, mama, tuone," mwalimu alisema.

Akafumba macho, akainua kidole, akangoja pampu inyamaze.

Haikunyamaza. Alipofumbua macho, ncha za waya zilikuwa zimeachana, kila moja ikitazama upande wake, na maji bado yanapanda.

"Bon, sawa," mwalimu alisema, akimpa chaki. "Sasa utuelezee. Ulitengeneza nini?"